Usifute kitu kwanza! Jinsi ya kutoa mafaili yako OneDrive na Google, na kuipunguzia Windows kuchungulia

Mwangaluka wakuu. Naona watu wengi sa hivi wanaletewa ule ujumbe kwamba nafasi imejaa kwenye OneDrive ya Microsoft au kwenye Google, yaani stoo zao za mtandaoni, wanafunzi wa chuo cha SAUT kule Malimbe, Mwanza, wenye ripoti zao, wapiga picha za harusi, wenye steshenari za Nyegezi, na wengi wakiuona tu wanaanza kufuta. Nawaomba sana, kufuta ndo hatua ya mwisho. Mtu akianza na hiyo ndo hapo unakuta picha za mazishi ya bibi zimeondoka na hazirudi.

Kwanza tuelewane kwanini inatokea. Hizi kampuni zinakupa nafasi kubwa, ukishazoea zinapunguza. Microsoft mwezi wa 11 mwaka 2015 walitangaza kwamba OneDrive ya bure inashuka toka GB 15 mpaka GB 5, na waliokuwa wanalipia Office 365 kwa ahadi ya nafasi isiyo na kikomo wakarudishwa TB 1. Watu wakawaka, mwezi uliofuata wakalegeza kidogo, wenye GB 15 wakaruhusiwa kubaki nazo ila ilibidi ujiandikishe kabla Januari 2016 haijaisha, ambaye habari hazikumfikia imekula kwake. Google nao picha bila kikomo ziliisha 1 Juni 2021, toka hapo kila picha mpya inahesabiwa kwenye zile GB 15 ambazo Gmail, Drive na Photos zinagawana, na kuanzia 2024 bakapu ya WhatsApp ya Android nayo ikaingizwa humo humo. Ni kama mtu kakupa stoo ya bure pale soko la Mwaloni, ukishajaza magunia ya dagaa anakwambia stoo imepungua, yanayozidi ulipie au uyatoe. Stoo ni yake, lakini dagaa ni zako.

Sasa tuanze. Cha kwanza kabisa angalia kwenye laptopu yako kuna akaunti ya nani. Hili nalisisitiza kwa sababu huku kwetu mtu akinunua laptopu yuzdi anampa fundi apige Windows, na fundi mwenye haraka anaweka akaunti yake au anakufungulia mpya yenye paswedi anayoijua yeye. Nenda Settings, Accounts, halafu Your info, soma hiyo imeili. Kama si yako, basi inawezekana Desktop na Documents zako zinapanda kwenye OneDrive ya mtu mwingine. Hapo usiendelee na lolote, kopi mafaili yako pembeni, fungua akaunti yako mwenyewe ndo uitoe ile.

Cha pili ni kuyashusha mafaili, na hapa ndo watu wanaumia. Fungua folda la OneDrive uangalie alama pembeni ya kila faili. Ukiona kawingu maana yake faili halipo kwenye mashine, unaona jina tu. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya folda lote uchague Always keep on this device, usubiri mpaka alama zote ziwe duara la kijani lililojaa lenye tiki. Zikishajaa unakopi kwenda kwenye eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka. Nasema kopi, sio kata, maana ukitoa faili kwenye folda la OneDrive la laptopu linatoka na kule mtandaoni, na ukifuta kule linatoka na huku. Ni faili moja linaloonekana sehemu mbili, sio mafaili mawili.

Kwa Google tumia takeout.google.com, ukurasa wao wa kushushia vitu vyako. Unachagua Photos au Drive, na kwenye ukubwa wa zipu acha GB 2, usiweke GB 50 hata kama inaonekana rahisi. Intaneti zetu mnazijua, uko Nansio au Buhongwa mtandao unakata faili likiwa asilimia 90, bora urudie kipande cha GB 2 kuliko kurudia GB 50. Subiri bando la usiku, washa laptopu ikiwa na chaji imejaa. Linki zenyewe zinakaa wiki moja tu hivi halafu zinakufa, kwaiyo usiombe leo ukaja kushusha mwezi ujao. Utaona vifaili vingi vya json pembeni ya picha, usivitupe, vimebeba tarehe na mahali picha ilipopigwa.

Kuhusu eksteno, tafadhali usinunue ile flashi ya TB 2 inayouzwa bei ya soda na chapati. Ni feki, inaonyesha TB 2 lakini ndani uwezo wake mdogo, ukizidisha inaandika juu ya mafaili ya zamani na hutajua mpaka siku unafungua. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi yote na kuisoma upya, itumie kuipima kabla hujaweka kitu. Na ziwe kopi mbili, moja nyumbani nyingine kwa dada au shemeji mtaa mwingine kabisa, maana mwizi akiingia au maji yakiingia hayachagui. Ukimaliza kukopi zima intaneti, fungua mafaili machache toka kila folda uone kweli yanafunguka.

Hapo sasa ndo unafuta. Gmail kwenye sehemu ya kutafuta andika has:attachment larger:10M utaona imeili nzito zote. WhatsApp ondoa video kwenye bakapu. Kwa Google Photos kuwa makini na Free up space, ile inafuta picha kwenye simu na kuziacha mtandaoni peke yake, yaani ni kinyume na tunachotaka. Kumbuka pia kumwaga pipa la taka, mpaka ulimwage au muda wake uishe nafasi hairudi. Na usiliache tatizo likae, ukijaa Google imeili mpya haziingii, Outlook.com, imeili ya Microsoft, pia hivyo hivyo tangu 2023 viambatisho vilipoanza kuhesabiwa kwenye zile GB 5 za OneDrive, na mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili anaumia kimya kimya.

Alafu zima ile bakapu ya OneDrive inayojiwasha. Bonyeza kawingu chini kulia, gia, Settings, Sync and backup, Manage backup, zima Desktop, Documents na Pictures. Desktop inaweza kuonekana tupu, usishtuke, mafaili yako ndani ya folda la OneDrive, yahamishe kwenda kwenye folda za kawaida.

Sasa kuchungulia, yaani Windows kukusanya taarifa zako. Windows 10 ilipotoka 2015 ilikuja na mambo mengi yamewashwa bila kuulizwa, mpaka tume ya Ufaransa inayosimamia taarifa binafsi, CNIL, mwaka 2016 ikawapa Microsoft onyo rasmi kwamba wanakusanya kupita kiasi. Nenda Privacy, kwenye 11 inaitwa Privacy & security, zima namba ya matangazo (Advertising ID), Tailored experiences, Activity history, na Location kama huitumii. Kwenye Diagnostics weka Required tu. Kuzima kabisa kwenye Windows za Home na Pro haiwezekani, wamewapa wenye matoleo ya Enterprise na Education, ya makampuni na mashule, peke yao, na mimi hilo linaniuma maana aliyenunua mashine kwa hela yake alistahili kitufe hicho.

Kuna kingine kinakula bando na wengi hawakijui, Delivery Optimization, laptopu yako inaweza kugawia kompyuta za watu wengine masasisho kwa data zako. Tafuta kwenye sehemu ya Windows Update uizime. Na ile hotspoti ya simu ifungue kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiweke Metered connection, yaani mtandao wa bando la kupimwa, OneDrive inasimama yenyewe na masasisho mengi yanasubiri.

Kwa wenye Windows 10, huduma yake iliisha 14 Oktoba 2025. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja, na moja ya njia za kuipata bila kulipa ni kukubali kusevu mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft, yaani unarudishwa stoo ile ile. Kama mashine yako haifiki 11 na kazi zako ni kuandika na intaneti, weka Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, kwenye flashi, iwashe laptopu toka kwenye flashi bila kuipakia ndani, uone kama Wi-Fi na printa vinakubali. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua mafaili ya Word, ila yenye majedwali mengi yanaweza kuhama hama, kwaiyo kama unaandika tasnifu ambayo msimamizi anataka Word yenyewe, maliza kwanza ndo uhame.