Maji ya mfereji Lamu hayatoi povu? Fanya hivi

Ukiona sabuni unaisugua mpaka inaisha na povu hulioni, buibui jeusi limekauka na mabaka meupe, na birika la stima limeota magamba ndani, usiilaumu sabuni. Ni maji. Ya hapa Lamu yanatoka visima vya kule Shela, mvua inapenya kwenye vile vilima vya mchanga inakaa chini ya ardhi, juu ya maji ya bahari alafu inapigwa pampu mpaka mjini, na popote maji yanapokutana na mawe ya matumbawe yanabeba kalsiamu, yaani madini ya chokaa, ndo yanakuwa magumu.

Kabla hujatoa pesa kununua chochote, jua kwanza maji yako ni magumu au ni ya chumvi au yote mawili, manake watu wanachanganya sana hapa na dawa zake si moja. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria mpaka yakauke kabisa, usiunguze. Ule unga mweupe uliobaki ukamulie ndimu. Ukitoa mapovu hiyo ni chokaa, yaani maji magumu. Usipotoa mapovu na ukimwaga maji kidogo unayeyuka wote, hiyo ni chumvi, na chumvi haitoki kwa kuchemsha, ukichemsha sana ndo inazidi kukolea. Hapo tafuta maji mengine tu ya kunywa.

Kama ni chokaa, una bahati, sehemu kubwa inatoka kwa moto. Chemsha, funika, yaache yatulie mpaka yapoe, alafu mimina yale ya juu taratibu na machicha ya chini yaache. Hayo ndo ya chai, na utaona ule utando wa juu ya chai ya rangi umepungua. Ugumu mwingine hauondoki kwa kuchemsha, kwa hiyo usishangae yakibaki magumu kidogo.

Sasa mbaazi. Kuna watu wanapika mbaazi tangu alfajiri mahamri yameshapoa na bado zinagonga meno, wanasema zilikuwa za zamani, na kweli za zamani zinachelewa kuiva lakini kalsiamu nayo inaikaza ile ngozi isilainike. Ziroweke usiku kucha kwa maji ya mvua au yale uliyochemsha ukayatuliza, upikie hayo hayo ya aina hiyo. Huna? Tia magadi, kiasi cha kushika kwa vidole tu, ukizidisha zinapondeka na ladha inakuwa ya sabuni. Na sufuria ya alumini inakuwa nyeusi kwa magadi, tumia chungu au stili.

Kufua ni hesabu hiyo hiyo. Sabuni ya kipande inaanza kwanza kupigana na kalsiamu, inageuka ule uchafu wa kijivu unaoganda kwenye beseni, na mpaka kalsiamu iishe ndo inaanza kukufulia nguo. Kwa hiyo tanguliza magadi ya kufulia kwenye maji, koroga, subiri kidogo, ndo utie sabuni. Sabuni ya unga inavumilia maji magumu kuliko ya kipande, hilo halina ubishi. Kanzu ya Ijumaa ikianza kuwa na rangi ya vumbi, maji ya mwisho ya kusuuzia tia siki kidogo, na buibui vivyo hivyo. Lakini jamani, siki au ndimu usichanganye na jiki hata siku moja, inatoka hewa ya klorini na ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha inaweza kukupeleka hospitali.

Birika la stima na shawa ya moto ndo zinakula pesa. Chokaa inaganda kwenye koili, moto haufiki kwenye maji, stima inaenda na mwisho koili inaungua. Birika litie siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, zima, acha lisaa limoja, mwaga, alafu chemsha maji matupu umwage tena. Ndimu za kutosha pia zinafanya. Shawa iliyoziba, zima stima kwanza, jaza siki kwenye mfuko wa plastiki ukizamishe kile kichwa ndani, funga na mpira ulale, asubuhi sugua na mswaki wa zamani. Hita yenye kurekebishwa usipandishe zaidi ya digrii 60, hapo juu chokaa inaganda mbio.

Na angalia unamwagia wapi. Nyumba zetu za mawe zimepakwa chokaa, ndimu inakula ukuta na sakafu vile vile inavyokula magamba ya birika, na marumaru pia. Pangusa hapo hapo.

Nywele zikiwa kama makumbi, suuza mwisho kwa maji ya mvua au ndimu kidogo kwenye kata ya maji mengi, ndo upake mafuta ya nazi.

Mvua ndo maji laini kuliko yote na ni bure, wazee wa Pate na Faza hawakujenga majabia, yale matangi ya kukingia mvua, kwa kupenda kuchimba. Masika ikianza, maji ya mwanzo yaache yaoshe paa, alafu ndo ukinge kwenye tangi. Bati ni bora kuliko makuti, makuti yanatia rangi. Jabia jipya la saruji litayafanya magumu kidogo mwanzoni. Na funika, mbu wasizae.

Kunywa maji magumu hakuna neno, kalsiamu si sumu. Wale wanaouza mashine za kulainisha maji, nyingi zinabadilisha kalsiamu kwa sodiamu, kwa hiyo ukinunua na nyumbani kuna mwenye presha, mwambie fundi mfereji wa jikoni usipite kwenye mashine.