Namna ya kumkagua na kumkinga mwenye ualbino dhidi ya saratani ya ngozi

Ngozi ya mtu mwenye ualbino ina melanini (rangi asilia inayoikinga ngozi na jua) kidogo mno, au haina kabisa, kwa hiyo jua letu la Ikweta huiunguza tangu utotoni na madhara yake hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Kwa kuwa wengi wao pia wana uoni hafifu, si haki kumwachia mtu huyo ajikague peke yake mbele ya kioo, na ndiyo maana maelezo haya yanaelekezwa kwa mama, kaka, mwenzi wa ndoa au yeyote anayeishi naye.

Tengeni siku moja kila mwezi, mkae barazani asubuhi penye kivuli na mwanga wa kutosha. Pitisha ncha ya kidole polepole kwenye kipaji, mashavu, ukingo wa masikio, nyuma ya shingo na migongo ya viganja, maana magamba ya awali yanayoweza kugeuka saratani mara nyingi huhisiwa kabla ya kuonekana: hukwaruza kama msasa, na ukilibandua gamba, hurudi palepale. Kagua mdomo wa chini kwa makini, kisha tenganisha nywele utazame utosi. Kidonda kisichopona kwa wiki 4, ukoko unaovuja damu ukiguswa, au uvimbe unaokua, upigie picha kwa simu na mwende hospitali wiki hiyohiyo, hata kama hauumi, kwa sababu saratani changa ya ngozi kwa kawaida haina maumivu. Dawa za kupaka za mitaani na kukwangua kwa wembe huchelewesha tiba tu.

Hata usipoona kitu, apelekwe kliniki ya ngozi kila baada ya miezi 6. Nasisitiza jambo hili kwa sababu gamba dogo linaweza kugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika kwa dakika chache na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo, ilhali uvimbe uliokwisha kupenya ndani huhitaji upasuaji mkubwa, na pengine tiba ya mionzi. Daktari akitilia shaka, atachoma sindano ya ganzi na kukata kipande kidogo kipimwe maabara.

Kinga ya kwanza ni kivuli, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, na mawingu yasiwahadae, kwa kuwa mionzi ya jua hupenya. Kapelo huacha masikio na shingo wazi. Nunueni kofia yenye ukingo mpana pande zote. Nguo iwe ya mikono mirefu na yenye kitambaa kilichosukwa kwa kubana: iinue dhidi ya mwanga, na ukiona nuru ikipenya kwenye nyuzi, haitoshi. Losheni ya kujikinga na jua hupakwa kwa wingi dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka, kisha hurudiwa kila baada ya saa 2 na baada ya kutoka jasho. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, iliyobuniwa mahususi kwa watu wenye ualbino, basi ulizeni kliniki iliyo karibu nanyi kama inaipata.

Kwa mtoto wa shule, mzazi aonane na mwalimu mkuu mapema ili aruhusiwe kuvaa kofia na mikono mirefu pamoja na sare, asimame kivulini wakati wa paredi, na kazi za kufyeka au kuchota maji apangiwe alfajiri au abadilishiwe zile za ndani.