Maswali ya mwendo yenye alama ya | |: usiache jibu la pili

Basi limetoka Mtwara saa 2:00 asubuhi kwenda Lindi kwa kilomita 60 kwa saa. Tuseme Mingoyo iko kilomita 80 mbele na safari nzima ni kilomita 105. Ni saa ngapi litakuwa kilomita 10 kutoka Mingoyo?

Tuite t saa zilizopita tangu basi liondoke; mistari | | huondoa alama ya hasi na kubakiza ukubwa wa namba tu. Andika |60t − 80| = 10. Umbali hauna hasi, lakini kilicho ndani ya mistari kinaweza kuwa hasi (basi halijafika Mingoyo) au chanya (limeshapita). Kwa hiyo 60t − 80 = −10, au 60t − 80 = 10. Unapata t = 7/6 na t = 1.5, yaani saa 3:10 na saa 3:30. Angalia 7/6: ukiiandika 1.17 wengi huisoma dakika 17. Zidisha sehemu ya saa kwa 60: 1/6 × 60 = dakika 10.

Badala ya 10 weka 50. Sasa 60t ni 30 au 130. Hiyo 130 hesabu inaikubali, barabara inaikataa, kwani basi limeishia Lindi. Linabaki t = 0.5, saa 2:30. Ukipata t hasi pia ifute. Basi lilikuwa halijaondoka.