Kupaka kivuli na mwanga kwenye sanamu ndogo ya askari

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya shaba tupu, lakini mikunjo ya nguo zake huonekana vizuri kwa sababu ni kubwa na jua lenyewe hulitia kivuli kila bonde. Askari wa plastiki wa milimita 54 hana bahati hiyo. Yeye ni takriban sehemu moja ya thelathini na mbili ya mtu mzima, kwa hiyo mkunjo wa shati wenye kina cha sentimita 3 unabaki chini ya milimita 1, na ukipaka kaki moja juu ya shati zima mikunjo yote inapotea. Kivuli ambacho mwanga hauwezi kukitia inabidi kitiwe kwa brashi.

Kabla ya kufungua rangi yoyote, amua mwanga unatoka wapi. Mimi nafanyia kazi hii Moshi, na huchagua jua la saa sita mchana, kwa kuwa tuko karibu digrii 3 tu kusini mwa ikweta na jua la hapa hupita utosini, hasa katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Simama kando ya soko la Mbuyuni saa hiyo umtazame mtu asiyevaa kofia: macho yake yamo kivulini, paji la uso na mifupa ya mashavu inang'aa, mdomo wa juu umefifia ilhali wa chini unapata mwanga, na chini ya kidevu kuna giza linaloshuka hadi kwenye ukosi. Hiyo ndiyo ramani ya kuifuata. Juni na Julai, mawingu yanapoufunika mji, vivuli huwa vyepesi visivyo na kingo. Unaweza kuchagua hali hiyo pia, mradi usizichanganye zote mbili kwenye sanamu moja.

Ioshe sanamu kwa maji ya sabuni, iache ikauke, kisha ipulizie praima nyeusi, yaani rangi ya msingi inayoshikisha zinazofuata, pande zote. Ikishakauka, pulizia nyeupe kidogo kutoka juu peke yake, upige picha kwa simu, kwa sababu pale palipopata weupe ndipo jua lako litakapoangukia. Wakati wa masika subiri siku kavu, maana unyevu huifanya praima ifubae.

Kwa nguo, anza na kaki iliyozimuliwa kwa maji hadi iwe kama maziwa. Kivuli chake ni kaki hiyohiyo iliyochanganywa na kahawia iliyokolea, wala si nyeusi; askari wangu wa kwanza nilimtia nyeusi, na shati lake likaonekana kana kwamba limepakwa masizi. Sehemu za mwanga zipakwe kaki iliyoongezewa krimu kidogo kidogo, kwa hatua tatu au nne, na kila hatua ichukue eneo dogo kuliko iliyotangulia. Zingatia mwendo wa brashi: rangi nyingi hubaki pale unapoinyanyua, kwa hiyo unapopaka mwanga vuta brashi kuelekea kileleni mwa mkunjo, na unapopaka kivuli ivute kuelekea bondeni. Mstari mwembamba wa kahawia nzito chini ya mkanda na pembeni mwa mifuko unatosha kutenganisha kitu na kitu.

Tarbushi nyekundu ya gwaride, kama ile ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, ina mtego wake. Ukiongeza nyeupe kwenye nyekundu unapata waridi; tumia rangi ya chungwa kwa mwanga, na kwa kivuli tia tone la kijani ndani ya nyekundu ili ikolee bila kufa.

Ngozi ndiyo inayostahili subira kuliko vyote. Maelekezo niliyoyakuta kwenye visanduku nilivyonunua yalihusu ngozi ya Mzungu pekee, na anayeyageuza kwa kupaka kahawia moja halafu kuipausha kwa nyeupe humpa askari wetu uso wa majivu, jambo linaloniuma kila ninapoliona. Anza na kahawia yenye wekundu. Kivulini, yaani kwenye matundu ya macho, chini ya pua na chini ya taya, ongeza buluu nzito au zambarau. Kwenye mwanga ongeza rangi ya udongo wa manjano yenye chungwa kidogo, kwa tabaka nyepesi mno zinazoruhusu rangi ya chini ionekane. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa kung'aa, kwa hiyo nukta za mwisho ziwe ndogo na kali: moja juu ya kila shavu, moja kwenye mgongo wa pua, moja kwenye mdomo wa chini.

Maliza nguo kwa vanishi isiyong'aa na uso kwa vanishi yenye mng'ao hafifu. Kisha mtoe askari nje saa sita, umweke juu ya ukuta na kumzungusha polepole. Mahali ambapo jua limetia kivuli na wewe ukapaka mwanga, rudi napo mezani.