Namna ya kuuona wakati kwenye karatasi ya grafu

Nimekulia kota za reli, Tabora. Marehemu baba alikuwa kontrola wa treni, na kazi yake yote ilikaa mezani: karatasi moja ndefu, penseli za rangi, rula na simu. Stesheni masta wa Goweko akipiga kusema treni ya mizigo imetoka, baba anaweka nukta. Wa Malongwe akipiga kusema imefika, anaweka nyingine, kisha anaziunga kwa rula. Nilikuwa na miaka tisa siku niliposimama pembeni ya meza ile nikamuuliza treni yenyewe iko wapi. Akapitisha kidole juu ya mstari wote, toka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Hii yote ndiyo treni."

Sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa ukubwani, nikiwa nafundisha fizikia kidato cha sita, wanafunzi wakiniuliza dimensheni ya nne iko upande gani. Tangu hapo sifundishi mada hii bila karatasi ya grafu. Na wewe itafute, pamoja na penseli iliyochongwa vizuri na rula. Ukisoma tu bila kuchora, maneno yatapita.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linalowapoteza wengi. Dimensheni si chumba cha siri kilichojificha juu ya hiki tunachokiona. Ni namba mojawapo unayoihitaji ili watu wawili wakutane. Ukiniambia tukutane mjini Dar es Salaam, kwenye jengo lililo karibu na sanamu ya Askari, umenipa namba mbili bila kujua: nifike umbali gani kwenye Barabara ya Samora, na nikate kwenye mtaa upi. Ukiongeza ghorofa ya nne, hiyo ni ya tatu. Nitapanda hadi hapo, na bado nisikukute, kwa sababu hukunitajia saa. Namba ya nne ndiyo hiyo. Haiko juu ya zile tatu wala nje yake. Imesimama nazo safu moja.

Kiswahili kimeliweka jambo hili ulimini mwetu siku nyingi. Tazama kiungo -po-. "Alipo" ni mahali. "Alipofika" ni wakati. "Hapo" ni pale unaponyooshea kidole, na "hapo zamani" ni miaka iliyokwisha kwenda. Mzee ukimuuliza kijiji kiko umbali gani, anakujibu ni mwendo wa saa mbili, na hakuna anayeshangaa kwamba umbali umepimwa kwa saa. Ninapofundisha kwa Kiswahili nadharia ya Einstein inayounganisha nafasi na wakati, naona nusu ya njia wanafunzi wameshaitembea.

Sasa chora. Kando ya karatasi, kushoto, panga stesheni nne kutoka chini kwenda juu: Goweko, Malongwe, Tura, Itigi. Zipe nafasi sawa. Umbali wake wa kweli usikusumbue kwa zoezi hili. Chini, kutoka kushoto kwenda kulia, andika saa. Treni ya kwanza inatoka Goweko kwenda Itigi: mstari wake unapanda. Ya pili inatoka Itigi kuja Goweko: mstari unashuka. Treni ya kasi ina mstari uliosimama zaidi, ya polepole umelala. Na iliyosimama stesheni je? Wanafunzi wengi huweka nukta hapo na kuiacha. Hapana. Mstari wake unaendelea kulia, umelala kabisa, kwa sababu kusimama ni kubaki mahali pamoja huku saa zikienda. Kaa na mstari huo uliolala mpaka uuamini. Wewe uliyekaa kwenye kiti sasa hivi una mstari kama huo.

Angalia pale mistari miwili inapokatana. Njia ni moja, kwa hiyo treni lazima zipishane stesheni, penye njia ya pili. Mistari ikikatana kati ya Malongwe na Tura, umechora ajali. Baba alikuwa akiliona hilo saa nzima kabla, anapiga simu, treni moja inangoja Malongwe, na kwenye karatasi mstari wake unalala kidogo kabla ya kuendelea kupanda. Alikuwa akitazama wakati kama mtu anavyotazama shamba kutoka kilimani, wa jana na wa baadaye pamoja.

Lile pointi la kukatana ndilo fizikia inaloliita tukio: mahali na saa vikiwa kitu kimoja. Na hapa kuna jambo dogo nililolipata nyumbani. Kwenye karatasi ya baba iliandikwa 16:00. Mama jikoni alisema saa kumi. Namba mbili, treni moja iliyofika. Namba ni jina tulilolipa tukio, kutegemea tulianzia wapi kuhesabu. Kukutana kwenyewe hakubadiliki. Ukilishika hili, umeshika sehemu kubwa ya kazi ya mwanafizikia Albert Einstein ya mwaka 1905, nadharia ya uhusianifu (relativity): watazamaji wawili wanaokwenda kwa mwendo tofauti hutoa namba tofauti za umbali na za muda, lakini hawabishani kwamba vitu viwili vimekutana.

Aliyeligeuza jambo hili kuwa jiometri ni Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha Einstein hisabati kule Zürich. Septemba 1908, mjini Köln, alisimama mbele ya wanasayansi akaeleza kwamba nafasi na wakati ni kitu kimoja chenye dimensheni nne, na kwamba kila kitu kina mstari wake humo. Alifariki Januari 1909, akiwa na miaka 44.

Ili umfuate, geuza karatasi saa ziende juu na umbali uende pembeni. Halafu badili vipimo: sentimita moja kwenda juu iwe sekunde moja, na sentimita moja pembeni iwe kilomita 300,000, ambao ndio mwendo wa mwanga kwa sekunde. Mwanga sasa unakwenda kwa pembe ya nyuzi 45. Treni ya baba, kwa kilomita 40 kwa saa, ikipanda sentimita moja inasogea pembeni kwa upana wa atomu chache tu. Ndiyo maana hatuhisi chochote maishani: mistari yetu yote imesimama wima, imebanana, haitofautiani kwa macho.

Basi achana na treni, chukua chombo kiendacho kwa asilimia 60 ya mwendo wa mwanga. Badala ya sekunde weka miaka, na pembeni weka miaka ya mwanga, yaani umbali ambao mwanga hukwenda kwa mwaka mmoja. Dada anabaki nyumbani miaka 10: mstari wima wa sentimita 10. Kaka anaondoka, baada ya miaka 5 ya dada amefika umbali wa miaka 3 ya mwanga, anageuka, anarudi. Mstari wake umepinda kama kiwiko. Upime kwa rula: kila kipande, kwa Pythagoras, ni kipeuo cha pili cha 25 (5 mara 5) jumlisha 9 (3 mara 3), karibu 5.8. Kwenye karatasi njia ya kaka ni ndefu kuliko ya dada.

Lakini rula hapa inadanganya, na hili ndilo ninalotaka uondoke nalo. Wakati ni dimensheni, ila ina alama yake: palipo na jumlisha, weka toa. 25 toa 9 ni 16, na kipeuo chake cha pili ni 4. Vipande viwili, miaka 8. Kaka anarudi akiwa amezeeka miaka 8, dada 10. Mstari ulionyooka ndio wenye muda mwingi zaidi. Alama hiyo moja ndiyo inayofanya jana na kesho visiwe sawa na kushoto na kulia. Ukiiacha, utaanza kudhani mtu anaweza kugeuka na kurudi jana kama anavyorudi sokoni.

Simu yako inalitumia jambo hili kila unapotafuta njia. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi. Kwa ajili ya mwendo wake, saa zake zinachelewa mikrosekunde 7 kwa siku (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Kwa ajili ya mvutano hafifu wa dunia kule juu zinawahi mikrosekunde 45. Jumla zinawahi 38, na zisiporekebishwa, ramani ingepotoka kilomita kadhaa ndani ya siku moja.

Kazi ya mwisho, fanya leo jioni. Rudi kwenye karatasi ya kwanza, ile ya baba, na badala ya stesheni andika nyumbani, kazini, sokoni, shuleni. Chora mstari wako wa leo na wa kila mtu unayeishi naye, kila mmoja na rangi yake, kisha zungushia duara kila mahali mistari inapogusana. Ya kwangu ya kwanza niliichora kwa kumbukumbu, ya siku moja Tabora: mimi natoka shule, baba anatoka zamu. Duara liko saa kumi na dakika ishirini, kwenye kizingiti cha mlango wa kota, na kutoka hapo mistari miwili, bluu na nyekundu, inalala sambamba hadi usiku.