Kubadilisha mataruma ya mashua kuukuu bila umbo lake kuharibika

Mashua nyingi zinazopandishwa ufukweni hapa Bagamoyo hazijafa, zimechoka mataruma tu, yaani zile mbavu za ndani zinazoshika umbo la chombo. Mwenye chombo akiona maji ndani hukimbilia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, hushindilia pamba mpaka mbao zinaachana, na baada ya muda maji yanarudi palepale. Anza na mataruma, pamba baadaye.

Hatua ya 1: Pandisha na uinyooshe. Subiri bamvua, siku za maji makubwa, yajae kabisa, uiingize juu kadiri itakavyokwenda. Mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, ukae juu ya magogo, na magadi, yaani miti ya kuegemezea, yashike ubavu huu na huu. Kisha vuta uzi mkuku mzima. Mashua kuukuu huinama ncha zote mbili, katikati ikabaki juu. Zinyanyue ncha kwa kabari, kidogo leo, kidogo kesho. Usipoinyoosha sasa, mataruma mapya yataushika upinde huo na hautatoka tena.

Hatua ya 2: Tafuta ubovu. Choma kwa bisibisi, hasa chini ya sitaha na kwenye pembe zinazotuamisha mvua, maana maji ya mvua huozesha mbao kuliko ya chumvi. Weusi kuzunguka msumari ni kutu. Chini ya mstari wa maji gonga kwa nyundo na usikilize: minyoo ya bahari huacha tundu dogo nje, ndani ubao ukawa mtupu.

Hatua ya 3: Mataruma. Badilisha moja, ruka moja. Ukiyang'oa yote kwa pamoja ubavu wa mashua utafunguka, na hakuna fundi atakayekurudishia umbo lile. Chukua kigezo kabla ya kung'oa. Tafuta mti uliopinda wenyewe, nyuzi zake zifuate pindo. Taruma lililopasuliwa kwenye mti ulionyooka hupasuka penye pindo. Mikoko inafaa sana, lakini haikatwi bila kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo nunua yenye karatasi. Malizia kwa tezo, kishoka cha kuchongea, mpaka likae bila mwanga kupita.

Hatua ya 4: Mbao. Ubao mmoja mmoja, mvule ukipatikana. Kiungo cha ubao kisiangukie taruma moja na kiungo cha jirani yake. Toboa kwanza kwa keekee, tundu liwe jembamba kuliko msumari. Zungushia pamba yenye mafuta chini ya kichwa, piga, kisha kunja ncha kwa ndani. Tumia misumari iliyopakwa zinki. Ile ya kupaulia nyumba ni hasara.

Hatua ya 5: Kalafati, sifa, deheni. Sokota pamba, itie mafuta, igonge ikaze bila kusukuma mbao, kwani zitavimba majini. Juu paka sifa, yaani mafuta ya samaki, chini deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa.

Ishushe bamvua lijalo. Itavuja, fua maji na uiache ielee mpaka mbao zinywe. Panapoendelea kutoa maji, weka alama kwa ndani, usubiri maji kupwa, ufungue mshono huo peke yake.