Mkipanga bichi ya sikukuu, dumu tupu nalo liwe kwenye mahesabu

Kila sikukuu mipango ni ileile, nani analeta nyama, nani ana spika, usafiri tunachangaje, ila maji yenyewe hayaongelewi mpaka mtu aanze kutafutwa. Kwa hiyo kabla hujatuma mchango angalia mwezi. Kama ni mpevu au ndo umeandama, hiyo ni bamvua, maji yanatoka mbali na yanarudi kwa nguvu. Huku Dar siku za bamvua bahari huwa imekupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, halafu inajaa mpaka saa kumi hivi. Sasa nyie mmefika saa tano, mchanga mweupe mpaka kule kwenye fungu la mchanga katikati ya maji, mnatembea maji ya vifundoni mnapiga selfi, saa nane mnageuka kumbe huku nyuma pameshajaa, maana maji hayaji kwa mstari, yanatangulia kujaza mabonde. Mimi yalinikuta Kigamboni, nikavuka maji ya kifuani simu iko kichwani, na mimi ni mrefu, binamu yangu tulimbeba. Siku hizi nikifika tu namtafuta mvuvi, namsalimia, namuuliza maji yanarudi saa ngapi na mkondo uko wapi. Anakwambia bure.

Halafu muulizane nani anajua kuogelea, na mkiwa bado nyumbani, kwa sababu pale bichi hakuna kijana atakayekubali kuchekwa mbele ya mademu. Swali liwe hivi: unaweza kuelea dakika mbili bila kugusa chini? Akianza kujiumauma, mwisho wake maji ya kiunoni, hata kama ana miaka arobaini. Bia baada ya kuogelea, hapo sibishani na mtu.

Kwenye buti ya gari wekeni dumu la lita 20, tupu, mfuniko umekaza, na kamba ya mita 15 imefungwa kwenye mkono wake. Acheni maji kidogo ndani ili ukilirusha liende, likiwa tupu kabisa upepo unalirudisha. Hilo dumu ni kwa sababu anayezama ukimfuata mikono mitupu atakukwea kichwani, hata awe mdogo wako wa damu, na wengi wanaokufa wawili wawili ni hivyo. Mtupie, ashike, vuta. Tairi la kuchezea silihesabu, linapeperushwa na mtu juu yake.

Na muwe na mlinzi wa zamu, hanywi, hachati, kazi yake macho tu. Anayezama hapigi kelele kama kwenye muvi jamani, mdomo uko sawasawa na maji, kichwa kimelala nyuma, mikono inasukuma maji chini kama anapanda ngazi, anakutazama ila hakuoni. Ukimwita asipojibu, rusha dumu. Wewe ukivutwa na mkondo usishindane nao, elea kwanza upate pumzi, ogelea sambamba na ufukwe mpaka ukuachie ndo urudi.

Mkivuka kwa boti, laifu jaketi ivaliwe kabla injini haijawashwa, sio kukaliwa. Msijipe moyo kwamba nchi kavu inaonekana, kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018 kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Ukara, kule Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Akitolewa hapumui, achaneni na ile ya kumning'iniza miguu juu au kumkamua tumbo, mnapoteza muda. Mbane pua, mpulizie mdomoni pumzi tano, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi mbili, 30 tena, usiache mpaka aanze kupumua au msaada ufike, na mwingine anapiga 114 ya Zimamoto. Akizinduka anapelekwa hospitali hata kama anacheka, maana mapafu yanaweza kumgeuka baadaye.

Dumu letu linakaa kwenye gari mwaka mzima, shemeji analalamika linanuka mafuta ya taa. Nimemwambia avumilie.